Mpaka wa Palestina haukuchorwa New York

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita ilisema kwamba mipaka ya Israeli na Wapalestina "iliwekwa na Umoja wa Mataifa". Naomba nafasi nipinge.

Ni kweli kwamba tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu la Umoja huo, likikutana New York, lilipitisha Azimio 181 la kuigawa Palestina, iliyotawaliwa na Waingereza, kuwa nchi mbili, ya Wayahudi na ya Waarabu, kwa kura 33 dhidi ya 13, nchi 10 zikijizuia. Wayahudi, waliokuwa kama theluthi moja ya wakazi, walitengewa zaidi ya nusu ya nchi, na Jerusalem ikabakizwa chini ya usimamizi wa kimataifa. Viongozi wa Kiyahudi waliukubali mpango huo, wa Kiarabu wakaukataa. Lakini ramani ile haikutekelezwa hata siku moja. Mapigano yalianza papo hapo, na Waingereza walipoondoka Mei 1948 majeshi ya nchi jirani za Kiarabu nayo yakaingia.

Mpaka uliotokea ulifuata mahali askari walipokwamia. Jerusalem inatosha kuonyesha hilo. Mwishoni mwa Novemba 1948, makamanda wa pande mbili, Moshe Dayan wa Israeli na Abdullah al-Tell wa Jordan, walichora kwenye ramani moja, kila mmoja mstari wa upande wake, kwa penseli nene. Ramani ilikuwa ya kipimo cha 1:20,000, kwa hiyo unene wa milimita tatu ni mita 60 ardhini. Nyumba za watu zilikuwa chini ya mistari yenyewe, na waliohusika wakaja kubishana miaka mingi kuhusu ni za nani.

Beit Safafa, kijiji cha Waarabu kusini mwa mji, kiligawanywa Aprili 1949 kwa sababu Israeli ilitaka njia ya reli ya kwenda Jaffa. Uzio ukapita katikati ya kijiji, ndugu huku na ndugu kule, hadi 1967. Wakulima wa Qalqilya, mji wa Waarabu, walibaki na nyumba zao, mashamba yakaenda ng'ambo, upande wa Israeli. Hata huo Ukanda wa Gaza tunaousikia kila siku ulipata umbo lake katika makubaliano ya kusitisha vita ya Israeli na Misri ya Februari 1949.

Vita vilipokwisha, Israeli ilishika karibu asilimia 78 ya Palestina iliyokuwa chini ya Uingereza, na Wapalestina wapatao 700,000 walikuwa wakimbizi. Wayahudi wa mtaa wao katika mji mkongwe wa Jerusalem nao walitolewa. Na makubaliano yenyewe ya 1949 yalitamka wazi kwamba mistari ile haiamui suala la mwisho la mipaka. Mwandishi wenu amelipita hilo kimya.

Mkirudi kwenye mada hii, chapeni ramani ya 1947 na ya 1949 ubavuni mwa nyingine, ukurasa mmoja. Nafasi mnayo, maana wiki ile mlitoa nusu ukurasa kwa picha ya kikao cha New York.

Mwalimu wa historia,
Morogoro