Barua kwa binti yangu kuhusu karatasi ya mwalimu wa hisabati

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu zangu na za mama yako zikufikie huko Tabora. Sisi hatujambo, na bibi yako anaendelea vizuri. Mjomba wako aliposhuka kwenye treni Jumamosi alinikabidhi bahasha yako, nami nikakuta ndani yake karatasi ya masharti ya somo la trigonometria, yaani hesabu za pembe na pande za pembetatu, ambayo mwalimu wenu anataka mzazi aisome na kutia saini, pamoja na barua yako inayolalamika kwamba masharti hayo ni mengi na makali. Nimeisoma karatasi mara mbili na saini nimetia. Sasa nisikilize, mama.

Sharti lililokuudhi kuliko yote ni lile linalosema kwamba jibu lisiloonyesha njia halipewi alama zote hata likiwa sahihi, na kwamba kila swali lianze kwa mchoro wenye pembe na vipimo vyake. Umeniandikia kuwa ukishaliona jibu kichwani huoni sababu ya kujaza ukurasa mzima. Mimi sikufika kidato cha nne, lakini kuhusu sharti hili nina la kukueleza, kwa sababu nimelilipia kwa mbao.

Unaikumbuka nyumba niliyoiezeka njia ya Kibirizi ulipokuwa darasa la sita. Upana wake ulikuwa futi 20, kwa hiyo kutoka ukutani hadi katikati ni futi 10, na mwenyewe alitaka paa lenye mwinuko wa nyuzi 30. Nikaona kichwani kwamba mbao za futi 12 zinatosha, nikazinunua zote siku moja bila kuchora chochote. Wewe leo unaweza kuichora pembetatu ile: chini futi 10, pembe ya ukutani nyuzi 30, na mbao ya kenchi iliyolala kwenye mteremko ndiyo haipotenusi, upande mrefu kuliko yote. Kosini ni upande wa chini ukigawanywa kwa haipotenusi, kwa hiyo ukigawanya 10 kwa kosini ya nyuzi 30, ambayo ni 0.8660, utapata futi 11.55. Maana yake ni kwamba haikubaki hata nusu futi ya kutokeza nje ya ukuta, na mvua zilipoanza maji yalipiga tofali moja kwa moja mpaka plasta ya upande mmoja ikabanduka. Kama ningechora kwanza, ningeona kwamba ama kimo cha paa kishuke hadi futi 4, ambapo mteremko ungekuwa futi 10.77 na kubakiza zaidi ya futi moja ya kukinga ukuta, ama ninunue mbao ndefu zaidi. Kosa langu halikuwa kubwa kwa kipimo, lakini halikuwa na mahali pa kuonekana, kwa kuwa sikuwa nimeandika hatua hata moja. Mwalimu anayedai njia anataka apate pa kuweka kidole na kukwambia kuwa ulipotea hapa.

Kuhusu sharti la kutotumia kikokotoo, usimnung'unikie mwalimu. Katika mtihani wa taifa wa hisabati wa kidato cha nne kikokotoo hakiingii chumbani. Mnachoruhusiwa ni majedwali ya hisabati, yaani kitabu chenye thamani za sini, kosini na nyingine zilizokwisha kokotolewa. Likizo iliyopita ulinionyesha mwenyewe, rula ukiiweka chini ya mstari wa pembe uliyoitaka, jinsi tofauti zile za safu za mwisho, za dakika za pembe, zinavyojumlishwa kwenye sini lakini zinatolewa kwenye kosini, kwa sababu kosini hupungua kadiri pembe inavyokua. Mara mbili ulijumlisha kwa mazoea. Ni afadhali ujumlishe kimakosa mbele ya mwalimu sasa kuliko mbele ya msimamizi wa mtihani.

Ulisema pia kwamba somo hili ni la wageni. Neno sini lilitoka India, ambako waliita jya. Waarabu wakalichukua kwa sauti yake, wakaliandika kwa herufi ambazo baadaye zikasomwa jaib, yaani uwazi wa vazi kifuani, na Walatini wakatafsiri hivyo hivyo, sinus. Mfuko wa kanzu babu yako aliuita jaibu. Ni neno lile lile.

Mengine hayanihitaji maneno mengi. Simu ibaki nyumbani. Kusaidiana mmeruhusiwa, kunakili ni sifuri kwa aliyenakili na kwa aliyempa, na hilo ni haki. Mwalimu anataka kila mmoja apate angalau alama 45, ambapo C huanzia, na atakayekosa ahudhurie kipindi cha Jumamosi. Wewe unasema ni uonevu kwa kuwa D huanza 30. Mimi sikukupeleka Tabora ukatafute D, na mtu anayekupa Jumamosi yake bila malipo hajakuonea.

Sharti moja tu nimeliona gumu, lile la kutopokea kabisa kazi iliyochelewa. Mtoto aliyelala na malaria hawezi kuandika, kwa hiyo chini ya saini yangu nimeomba kwa heshima kwamba aliyetoka zahanati apewe siku mbili. Usilisemee darasani, niachie mimi na mwalimu.

Mjomba anarudi Jumatano na atakuletea karatasi, kitabu kipya cha majedwali ili usiazime tena, na mkebe wenye bikari na kipimapembe. Nina kazi yako pia. Nataka kuezeka stoo hapa nyumbani, upana futi 16, mwinuko nyuzi 25 kila upande, na mbao itokeze nje ya ukuta futi 2 kwa kufuata mteremko. Niandikie urefu wa mbao moja, uchore, na uonyeshe njia yote. Sitanunua mbao mpaka barua yako ifike.

Baba yako