Malalamiko: piramidi ya Misri mmeiita zigurati ya Ur

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Uchapishaji wa Vitabu.

Ndugu Meneja,

YAH: NAKALA 40 ZA KITABU CHA WASUMERI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa historia. Mwezi uliopita nilinunua kwenu nakala 40 za kitabu hicho, kinachohusu Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki, kwa michango ya wazazi, na stakabadhi ninayo. Mzigo ulifika salama kwa basi. Ubovu umo ndani.

Ukurasa wa 14 ndio ulionitia aibu. Chini ya picha mmeandika "Zigurati ya Ur", kumbe picha ni piramidi ya Giza, na ngamia wake na watalii wake. Mtoto wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, hapa si Misri?" Darasa zima likacheka, nami sikuwa na la kujitetea. Zigurati ni jengo la hekalu lenye umbo la ngazi, na hii ya mji wa kale wa Ur iko kusini mwa Iraki. Aliyeanza kuijenga ni mfalme Ur-Nammu, yapata mwaka 2100 K.K., kwa ajili ya Nanna, mungu wa mwezi. Si kaburi hata kidogo. Ni jukwaa lililojengwa juu ya jukwaa: ndani matofali mabichi, nje matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa lami, na mbele ngazi tatu ndefu zinazokutana juu. Mchapaji aliyeangalia mara moja tu angeona tofauti.

Tena hiyo lami! Mwanaakiolojia Leonard Woolley alipoanza kufukua Ur mwaka 1922, sehemu ya chini ya jengo hilo ilikuwa bado imesimama. Gundi yenu haikumaliza wiki mbili. Kurasa za 33 hadi 48 zinachomoka kama karata, na nakala 11 nimezishona kwa sindano ya magunia.

Ukurasa wa 21 unamwita Hammurabi "mfalme wa Wasumeri aliyetunga sheria za kwanza duniani". Hammurabi alikuwa mfalme wa Babeli, na sheria zake ziliandikwa kwa Kiakadi, lugha yenye undugu na Kiarabu na Kiebrania. Kisumeri hakina ndugu anayejulikana. Sheria za Ur-Nammu, ambazo ni za Kisumeri, zilitangulia zake kwa karne tatu hivi.

Kisha mnasema Wasumeri waliandika kwenye mafunjo. Waliandika kwenye udongo ungali mbichi, wakiubonyeza kwa ncha ya tete iliyoacha alama zenye umbo la kabari, ndiyo maana mwandiko wao unaitwa wa kikabari. Siku iliyofuata niliwapa wanafunzi udongo wa mfinyanzi na matete tuliyochonga kwa wembe. Baada ya dakika kumi kila mmoja alikuwa na alama zake za kabari mkononi, na hakuna aliyehitaji kufungua kitabu chenu.

Nilipopiga simu ofisini kwenu nikajibiwa kwamba kitabu kikishauzwa hakirudi. Jibu hilo ni la zamani. British Museum, London, wanahifadhi kibao cha udongo kutoka Ur hiyohiyo, cha mnamo 1750 K.K., wakati Wasumeri walikuwa wameshapoteza utawala. Ndani yake mteja aitwaye Nanni anamlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir kwa kumpa shaba mbovu, na mjumbe wake akaambiwa akitaka achukue, hataki aondoke. Nanni hakukubali. Alidai fedha yake, akamwambia tangu siku hiyo shaba ataichagua mwenyewe, uani kwake, kipande kimoja kimoja.

Nami naomba mzichukue nakala zote 40 kwa gharama yenu na mnirudishie fedha ndani ya siku 14. Mkichapa upya na mkataka kuniuzia tena, leteni vitabu shuleni. Nitavipekua mezani kwangu, kimoja kimoja, kuanzia ukurasa wa 14, ndipo nilipe.

Wenu,
Mwalimu wa Historia