Tusiache utani, tumwangalie anayetaniwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita akiwashauri wanandoa waache kabisa kutaniana, kwa kuwa utani ndio unaoanzisha ugomvi nyumbani. Uchungu wake naupata. Alieleza jinsi mwenzake anavyomfanya kichekesho mbele ya wageni, na hilo halivumiliki. Ila dawa aliyoitoa siikubali. Watu wanaoishi pamoja bila kuchekeshana huishia kuongea habari za bili na funguo tu.

Mimi ni muuguzi katika wodi ya upasuaji. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusafisha vidonda na kubadilisha bandeji, na kwa kuwa inauma, kicheko pale tunakihitaji. Tuliwahi kuwa na mzee aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Asubuhi moja namfungua bandeji akaniambia, "Binti yangu, sasa jozi moja ya soksi nitaivaa mara mbili kabla ya kufua." Tulicheka wote, jirani yake wa kitanda cha pili alicheka huku amejishika mshono. Kesho yake kijana mmoja wa zamu, ambaye alikuwepo na hakuwa na nia mbaya hata chembe, akaingia kwa bashasha: "Shikamoo, mzee wa soksi moja!" Mzee akaitikia marahaba, kisha akageukia ukutani. Mpaka jioni hakusema na mtu.

Mguu ni uleule na soksi ni zilezile, aliyebadilika ni msemaji. Mzee alipojitania alikuwa anatuonyesha kwamba bado ana mamlaka juu ya hali yake. Kijana aliporudia, akamgeuzia kidonda kuwa jina. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakidhani mtu akijicheka mwenyewe amewaruhusu wengine. Hajaruhusu. Mke anayejicheka kwa kusahau sahau hajampa mumewe kibali cha kuwasimulia mashemeji kila alichosahau mwezi mzima.

Yule kijana alipoelezwa alishangaa kwa dhati: "Lakini nilikuwa namtania tu, nampenda yule mzee!" Ninamwamini. Shida ni kwamba upendo wake ulikuwa moyoni mwake, na mzee alichopata ni maneno. Mwaka 2006 mtafiti wa Marekani, Justin Kruger, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili: anayetania huuona utani wake kuwa mwepesi na wa kuchekesha zaidi kuliko anavyouona anayetaniwa, kwa sababu nia yake njema anaijua yeye, na hudhani mwenzake naye anaiona. Ndiyo maana "nilikuwa natania tu" haimtulizi mtu. Aliyeumia anaambiwa habari za moyo wa mwingine wakati wake mwenyewe unauma.

Kwenye ujumbe wa kuandika hali ni mbaya zaidi. Mwaka mmoja kabla, Kruger na wenzake walipima kejeli zinazotumwa kwa barua pepe. Waandishi walitarajia kueleweka karibu mara 78 katika kila 100. Wasomaji walipatia kama mara 56 tu, yaani hawakuwa mbali na kubahatisha. Kwa hiyo utani unaogusa umbo la mtu, pesa zake au wazazi wake usiandikwe kabisa. Subiri muonane, umwone uso.

Kwa watoto nazungumza kwa ukali kidogo, Mhariri, naomba univumilie. Mtoto anayetaniwa meno yake na baba, mbele ya shangazi na wajomba, hana pa kwenda. Hawezi kumjibu baba kwa utani wa kiwango hicho hicho, na akilia anaambiwa hana ucheshi. Kilichobaki ni kufunga mdomo, na mtoto atajifunza kucheka huku ameweka kiganja midomoni. Nimewaona watu wazima wanaocheka hivyo mpaka leo.

Sasa utani upi unajenga? Kwa ninayoyaona, ni ule unaolenga taabu ambayo wote wawili mmo ndani yake. Lifti imeharibika nanyi mna mizigo, mtoto mchanga amekesha akilia, mvua imewanyeshea nguo mlizoanika mara ya pili: hapo mchekeni huyo mtoto, ichekeni hiyo mvua. Wala si lazima maneno yawe makali. Mtafiti Robert Provine, aliyesikiliza vicheko vya watu katika maongezi ya kawaida, aligundua kwamba vingi havifuati kichekesho chochote. Vinafuata maneno kama "haya, tutaonana". Watu hucheka kwa sababu wako pamoja. Kwa hiyo asiyejua kuchekesha asijione amenyimwa kitu. Kumchekea mwenzako anapojaribu kunatosha.

Katikati ya ugomvi pia utani unaweza kusaidia, kwa sharti moja: umwache kwanza mwenzako amalize lake. Ukimkatiza kwa mzaha, amesikia kwamba jambo lake halina uzito. Na mzaha ukichoma, usianze kuufafanua, sema "pole, nimekukwaza", basi. Yule kijana wetu alifanya hivyo siku ya pili, akiwa ameketi kwenye kiti ili macho yao yalingane. Mzee alimjibu kwamba yameisha, na jioni akamtuma amletee gazeti.

Kwa kuwa gazeti lenyewe lilikuwa hili, nina ombi kwako, Mhariri. Safu yenu ya vichekesho kwa majuma kadhaa sasa imekuwa ikimcheka mama mkwe, mke mnene na mtu mwenye kigugumizi. Magazeti yenu yanazunguka wodini kitanda kwa kitanda, na miongoni mwa wanaoyasoma wamo wenye kigugumizi. Watafuteni wachoraji wanaoweza kutuchekesha kwa mambo yanayotupata sote, na vya namna ile mviache kuanzia toleo lijalo.

Muuguzi, wodi ya upasuaji