Moshi wa klinka uhesabiwe

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia, lakini taarifa yenu ya juma lililopita, iliyolinganisha hewa ukaa ya saruji yetu na ya mataifa mengine, imenikera mno. Mwandishi wenu aliviweka viwanda vya Kenya mbele ya vile vya India na Afrika Kusini kwa sababu sisi tuna umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria na wao wanategemea makaa ya mawe, kana kwamba saruji huchomwa kwa umeme.

Umeme ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo. Gesi nyingi hutoka kwenye tanuri, ambamo mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi hadi yawe klinka, vidonge vinavyosagwa kuwa saruji, na hata moto huo ungekuwa safi namna gani, jiwe lenyewe lingetoa gesi: jiwe la chokaa safi la kilo 1,000 likiungua hubaki kilo 560, na kilo 440 hupaa hewani zikiwa kaboni dioksaidi, ndiyo hewa ukaa.

Nilikuwa msimamizi wa zamu katika kinu kimoja cha Athi River ambacho hakikuwa na tanuri. Siku moja walikuja wakaguzi waliotumwa na mkopeshaji, wakasoma mita za umeme, wakapima vumbi kwenye mabomba, wakatupongeza kwa usafi. Walisimama kando ya rundo la klinka, vidonge vya kijivu mfano wa kokoto, vilivyoshushwa melini Mombasa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza vilichomewa wapi. Nilipolitaja jambo hilo, niliambiwa kwamba moshi huo ni wa nchi ya watu na hautuhusu. Unatuhusu! Kiwanda kinachochoma chokaa yake hapa nchini huonekana kichafu, na kinachosaga tu klinka ya meli huonekana kitakatifu, ilhali mifuko ya wote wawili imebeba gesi ileile. Kanuni za Ulaya za ushuru wa kaboni mpakani, zilizoanza kutumika kikamilifu Januari 2026, huhesabu klinka popote ilipochomwa. Kwa nini gazeti letu lihesabu pungufu?

Na klinka hiyo hupanda kutoka pwani kwa malori ya dizeli. Reli yetu ya kisasa nayo ni ya dizeli, wakati Tanzania imeendesha treni za umeme hadi Dodoma tangu 2024. Tunajisifia umeme safi huku mizigo yetu ikifukiza moshi njia nzima.

Sifa tuliyo nayo kweli mliiacha. Tuna pozolana, majivu ya volkano yasiyohitaji tanuri, na kila kilo yake inayochanganywa katika mfuko wa saruji ya daraja la nguvu la 32.5 hupunguza klinka. Hapo ndipo ulinganisho ungeanzia.

Naomba taarifa hiyo ichapishwe upya, ikionyesha klinka iliyomo katika kila tani ya saruji, mahali ilikochomewa na jinsi ilivyosafirishwa. Na shirika la viwango liamuru kila mfuko wa kilo 50 uandikwe kilo za hewa ukaa na nchi ilikochomewa klinka, kwa herufi zenye ukubwa sawa na za jina la kampuni, upande wa mbele.

Msimamizi mstaafu wa kinu,
Athi River