Nundu ya kidole gumba cha mguu hainyooshwi kwa kifaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie nundu inayotokeza kwenye shina la kidole gumba cha mguu, ambayo hapa Tanga inawatesa watu wazima wengi, hasa akina mama, na ambayo sasa imegeuzwa biashara na wauzaji wa vifaa vya plastiki wanaoahidi kukinyoosha kidole kwa wiki chache.

Ahadi hiyo si ya kweli. Nundu hii si nyama iliyozidi wala uvimbe wa kuchuliwa ukaisha, bali ni mfupa uliosogea upande wa ndani wa mguu huku kidole chenyewe kikilalia cha pili. Wengi hurithi umbo la mguu linaloelekea huko, kisha viatu vyembamba na vya mchuchumio huzidisha. Kifaa cha kuvaa usiku huenda kikampunguzia mtu mzima maumivu, lakini akikivua kidole hurudi kilikokuwa.

Tiba huanza na kiatu: kipana mbele, kisigino kifupi, ngozi laini. Makubadhi mapana ya kwetu hayana ubaya wowote, na fundi viatu hodari anaweza kukitanua kiatu mahali panapobana. Pedi laini, barafu iliyofungwa kitambaani na paracetamol husaidia siku za maumivu.

Maumivu yakizuia kutembea hata kwa viatu vipana, ndipo upasuaji hufikiriwa. Daktari wa mifupa hupiga eksirei mgonjwa akiwa amesimama, kwa kuwa uzito wa mwili ndio unaoonyesha mfupa umepinda kiasi gani, kisha huukata, huusogeza na kuukaza kwa skrubu. Kiungo kilicholika sana huunganishwa kisicheze tena. Mfupa huhitaji wiki 6 au zaidi kuunga, uvimbe hudumu miezi, na nundu yaweza kurudi. Kwa hiyo sioni busara mtu kupasuliwa kwa ajili ya urembo tu.

Mwenye kisukari asiikwangue nundu hata kidogo, na akiona kidonda aende hospitali siku hiyohiyo. Kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, huenda ni jongo, ambalo lina dawa zake.

Nawaomba waajiri wanaowalazimisha wanawake kuvaa viatu vilivyochongoka kazini waiondoe sharti hiyo, na gazeti lako limwalike daktari wa mifupa ajibu maswali ya wasomaji.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga