Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: "Mwalimu, tushike lipi?"

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya kata mkoani Singida. Ninayokuandikia yanahusu mada ndogo tu, ile ya tofauti za maendeleo ya uchumi kati ya nchi na nchi, lakini ndiyo inayonitoa jasho kila mwaka.

Kitabu ninachotumia (jina lake nalihifadhi) kinagawa dunia mafungu mawili: nchi zilizoendelea na zinazoendelea. Chini ya kila fungu kuna orodha ya sifa. Watoto wanakariri: vizazi vingi, teknolojia duni, jembe la mkono. Kwenye mtihani wanaambiwa wataje sifa tano, wanapata tano kwa tano. Mtoto anatoka hapo amefaulu kueleza kwamba kwao ni kubaya, na hajui nani alipima wala alipimia nini.

Muhula uliopita binti mmoja wa Kidato cha Pili alinyoosha mkono. Redioni kasikia Tanzania ni nchi ya uchumi wa kati. Kitabuni tumo kwenye zile maskini kabisa. "Mwalimu, tushike lipi?" Nikamjibu, yote mawili. Darasa likaangua kicheko.

Ndivyo ilivyo, Mheshimiwa. Benki ya Dunia ilituingiza kwenye kipato cha kati cha chini Julai 2020, kwa kuwa wastani wa pato la mtu mmoja kwa mwaka 2019 ulifika dola 1,080 na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Umoja wa Mataifa nao una orodha yake ya nchi zenye maendeleo duni kabisa. Tumo humo tangu ilipoanzishwa mwaka 1971, maana wao hawaishii kwenye kipato. Wanatazama pia afya, elimu na jinsi uchumi unavyoyumba misukosuko inapokuja. Uganda na Rwanda zimo, Kenya haimo. Botswana tuliingia nayo mwaka huohuo wa 1971, yenyewe ikatoka 1994. Wakinisikia wanafunzi hapo, swali linalofuata huja lenyewe: ilifanyaje? Ndipo tunapoanza kuzungumzia almasi, na jinsi serikali ilivyozitumia, na hakuna anayesinzia.

Kuhusu wastani, nilileta punje 50 za mahindi. Nikawasimamisha wanafunzi 10 mbele, mmoja nikampa punje 41, tisa waliobaki nikawapa moja moja. Nikauliza wastani. Tano, wakasema. Kijana mmoja akatazama kiganja chake, akasema, "Mwalimu, hizo nne zangu ziko wapi?" Baada ya hapo sikupata shida kueleza kwa nini mafuta yaliwahi kuipandisha Guinea ya Ikweta hadi kundi la kipato cha juu huku wananchi wake wengi wakibaki fukara. Wala sikupata shida kueleza kwa nini mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulileta kipimo kingine, kinachojumlisha umri wa kuishi, elimu na kipato. Mahindi yenyewe tuliyarudisha jikoni.

Sisemi tuwafiche watoto umaskini. Wanaujua kuliko mwandishi wa kitabu. Wapo wanaotembea kilomita kadhaa kuja shule na tumbo tupu. Ninachokataa ni kuufanya uwe kama rangi ya ngozi, kitu mtu alichozaliwa nacho. Hata Benki ya Dunia, mwaka 2016, iliacha kuzigawa nchi kwa jina la "zinazoendelea" katika kitabu chake cha takwimu. Sisi bado tunaliwekea alama ya vema.

Ombi langu kwanza ni kwenye mitihani, kwa sababu sisi walimu tunafundisha kinachotahiniwa, tusidanganyane. Badala ya "taja sifa tano", mpeni mtoto jedwali la nchi nne, kipato, umri wa kuishi na miaka ya shule, aseme ipi ingemfaa kuzaliwa na kwa nini. La pili ni dogo: karatasi moja ya takwimu mpya kila Januari, iliyochapishwa, iletwe na vitabu. Huku kwetu intaneti ni ya simu ya mwalimu, na bando ni la mwalimu.

Yule binti sasa yuko Kidato cha Tatu. Juzi kanifuata ofisini kuuliza dola 44 ni shilingi ngapi. Tulipiga hesabu pamoja, akanyamaza, kisha akauliza kama mtu anaweza kuvuka halafu akarudi.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Jiografia, Singida