Salamu za Idd kwa ndugu na majirani

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillahi, mwezi umeandama na Ramadhani imetuaga. Kwa niaba ya nyumba yangu nawatakia ndugu, jamaa na majirani wote, wa hapa Tanga na walio safarini, Idd njema yenye heri na baraka. Mola azipokee funga zetu, atusamehe tulipoteleza, awarehemu waliotutangulia.

Mwaka haukuwa mwepesi. Mchele na sukari vilipanda tangu Shaabani, na nazi tumeila kwa kuhesabu. Nyumba nyingi mtaani zimefuturu kwa uji na muhogo, na tumeshukuru. Kwangu mimi bei ilikuwa shida ndogo. Mfungo tano, mwezi wa Safar, nilimzika mama watoto.

Siku ya kwanza ya mwezi, binti yangu mdogo aliandaa vikombe vya uji. Tuko wanne; akapanga vitano. Alipogundua hakusema neno, akakichukua kimoja akakirudisha jikoni. Nikafungua kwa maji. Uji haukupita.

Usiku ule likanijia shairi la Shaaban Robert, "Amina", alilomtungia mkewe aliyefariki. Shuleni tulilisoma kwa ghibu, tukihesabu mizani, yaani silabi za mshororo, nane kwa nane. Sikujua kwamba nyuma ya vina vile vya kati, -nga, -nga, yumo mtu anayejikaza asilie. Tazameni alivyoling'ang'ania neno moja: mkewe ni ua lililofunga baada ya kuchanua, mapenzi waliyoyafunga, hapana wa kuyafungua. Sisi tumefunga mwezi mzima, na kila magharibi adhana imetufungulia. Fundo lile halina adhana. Wala hakumlalamikia Mungu; alimwombea mwenzake mwanga na pepo. Ndiyo maana naamini ndoa ile ndiyo iliyomfunza kutunga mapenzi bila kuyapamba. Anamwita mkewe kwa jina, kama aliye chumba cha pili. Hata wasia wa unyumba aliomwandikia binti yake katika Utenzi wa Hati, siku hizi nausoma kama maneno ya mtu aliyeijua nyumba yenye utulivu, kisha akaipoteza.

Basi waume wenzangu, nawaomba kwa haki ya siku hii: mwambieni mkeo neno jema leo, chai ikiwa mezani, msingoje kulisema kaburini. Aliyenuniana na mwenzake asivae kanzu mpya juu ya kinyongo. Aliyemrudisha mke kwao kwa hasira na eda haijaisha, aende akazungumze na wakwe. Zakatul-fitri itolewe kabla ya swala, na yatima wa jirani avae kama anavyovaa mwanao. Enyi wenye maduka, mcheni Mungu katika mizani. Hiyo nayo ni mizani, na itasomwa siku ya hesabu. Sisemi haya kwa kuwa nimewazidi. Mimi maneno yangu mengi nilimwekea akiba, nikidhani tuna miaka.

Shaaban Robert amelala Machui tangu mwaka 1962. Mama watoto yupo karibu zaidi, na baada ya swala nitakwenda na wanangu kumsomea Yasini. Atakayependa kufuatana nasi, karibu. Kisha tutarudi nyumbani kula pilau, kidogo lakini ipo.

Minal aidina wal faizina. Kulla aam wa antum bikheri.